Ruhusa ya Kupiga, Ruhusa ya Kurusha

Kadi za mwaliko wa sherehe za akina mama huko Mombasa, Lamu na Unguja hutaja jina la bibi harusi, ukumbi na saa. Kisha chini, mara nyingi kwa herufi nene, huongeza ombi: simu na kamera haziruhusiwi. Kwenye baadhi ya kumbi shangazi au binamu huketi mlangoni na kapu, na vipande vya karatasi vyenye namba. Unatoa simu, unapokea namba, unaingia. Wenye sherehe walio wapole zaidi huridhika na kibandiko juu ya lenzi. Ndani, mabuibui yanavuliwa. Nywele zilizotengenezwa mchana kutwa zinaonekana, hina inaonekana, magauni yaliyoshonwa kwa ajili ya usiku huo mmoja yanaonekana, na ngoma ikianza watu wazima hucheza kama walivyocheza wakiwa wasichana.

Hata hivyo picha hazikosekani. Mpiga picha ni mwanamke, ameitwa na wenye harusi na anajulikana kwao. Akimaliza kazi, picha hubaki mikononi mwa familia. Wageni humwendea kwa hiari, wakasimama kando ya bibi harusi jukwaani, na kila mmoja anajua picha ile itakaa wapi na itaonwa na nani. Kwa utaratibu huo, wanawake wa pwani wametenganisha mambo mawili ambayo wengi wetu tunayachanganya kila siku: kukubali kupigwa picha, na kukubali picha irushwe. Aliyetabasamu mbele ya simu yako amekupa ruhusa ya kwanza. Ya pili hujaiomba bado.

Hilo ndilo ninalotaka kulitetea, na si kwa ajili ya wanaovaa buibui tu. Adabu hii tumeiachia ukumbi wa harusi, ilhali simu iko msibani, iko wodini, iko darasani, na iko kando ya barabara ambako gari limepinduka sasa hivi na watu bado wamo ndani.

Zamani ruhusa ya pili ilijilinda yenyewe, kwa sababu picha ilikuwa ghali na ilichukua siku kutoka. Unguja, Ranchhod Oza alifungua Capital Art Studio mwaka 1930, na mwanawe Rohit akaja kuiendeleza baada yake. Lamu ilikuwa na Bakor Studio ya Omar Said Bakor. Nairobi, Mombasa, Tanga na Dar es Salaam zilikuwa na studio zake, zenye pazia la mandhari, kiti cha kupozia na kioo cha kujitengenezea nywele. Ulivaa nguo yako njema, ukaenda kwa miguu yako mwenyewe, ukalipa. Mkanda ulikuwa na picha chache, kwa hiyo mpiga picha hakubonyeza ovyo. Na baada ya kupigwa, uliulizwa swali ambalo leo halipo tena: unataka kopi ngapi?

Swali lile lilimlazimisha mtu kuhesabu watazamaji wake. Moja ya nyumbani, moja ya dada aliyeolewa Tabora, moja ya mchumba. Nyuma ya kila moja uliandika jina la mpokeaji na neno la ukumbusho. Picha ya nyumbani iliingia kwenye albamu, na albamu ilitolewa mgeni akiwa anasubiri chai, huku mwenyeji amekaa karibu akieleza nani ni nani. Mgeni hakuondoka na picha bila kupewa. Hata enzi hizo, hata hivyo, kulikuwa na manung'uniko. Studio nyingi zilibandika picha zilizotoka vizuri kwenye kioo cha mbele ili kuvutia wateja, na wapo waliopita njiani wakakuta binti yao anatazamwa na kila mpita njia. Ugomvi uliozuka hapo ni ule ule tulionao leo, isipokuwa kioo kilikuwa kimoja na ungeweza kuingia dukani ukadai picha yako ishushwe.

Sisemi haya kwa kuichukia simu. Simu imetupa kitu ambacho kamera za zamani zilitunyima. Kwa miongo mingi maabara za picha za rangi zilipima rangi zake kwa kadi ya Kodak yenye sura ya mwanamke mweupe, na mtu mweusi akipigwa picha pamoja na weupe sura yake ilizama gizani. Kampuni ya Kichina ya Transsion ilipoleta simu za Tecno barani Afrika, moja ya mambo iliyoyanadi ni kamera iliyopangwa kuisoma ngozi nyeusi. Google nayo ikaja na mfumo wake wa Real Tone katika simu ya Pixel 6 mwaka 2021. Leo muuza mboga anayo picha ya mama yake aliyezeeka vizuri, yenye mikunjo na mwanga wake, na hakuhitaji kumvalisha na kumpeleka mjini ili aipate. Huo ni utajiri wa kweli. Ninachokililia ni kuona utajiri huo ukitumika bila kumtazama usoni mtu aliyemo ndani ya picha.

Msibani ndiko ninakoumia zaidi. Kwetu habari ya kifo ina njia yake ya kupita. Mtoto aliye mbali haambiwi kwenye simu kwamba mama amefariki. Huambiwa mama hali yake si nzuri, afunge safari. Mtu hutumwa akampokee stendi, akae naye kwenye gari, azungumze naye mambo mengine. Nyumbani atamkuta mzee anayejua kusema maneno yale, na watu wa kumshika akianguka. Ni utaratibu uliofikiriwa kwa karne nyingi, na kazi yake ni kumlinda mtu na pigo atakalolipata akiwa peke yake.

Sasa mtu yuko kwenye basi, kati ya Dodoma na Morogoro, ameambiwa tu kwamba baba kazidiwa. Anafungua stetasi za watu kupunguza mawazo. Anakuta sura ya baba yake, imewekewa mshumaa pembeni na maneno ya pole chini, imewekwa na jirani ambaye hakuwa na nia mbaya hata chembe. Jirani alitaka kuonyesha upendo, tena upesi. Lakini kwa upesi ule amempokonya mzee kazi yake, na amemwacha mtoto wa marehemu akilia katikati ya abiria wasiomjua. Kwa hiyo katika msiba ipo kanuni moja tu ninayoikubali: picha ya marehemu isitangulie kinywa cha familia yake. Wenye msiba wakishatangaza, tangaza. Kama hujaona tangazo lao, piga simu uulize au subiri.

Kuaga mwili nako kunahitaji kusemwa wazi. Familia nyingine hupenda ibada irekodiwe kwa ajili ya ndugu walio Muscat, Toronto au London ambao hawakupata tiketi, na hilo ni jambo jema, wala sioni sababu ya kuwanyima. Anayerekodi huwa ameteuliwa. Wengine wote tuliosimama kwenye mstari tumekuja kuaga. Uso wa marehemu ndani ya jeneza ni wa wanaomzika, na marehemu hawezi kuinua mkono kuziba lenzi.

Ajali ni jambo gumu zaidi, maana picha ya tukio inaweza kuokoa. Ndege ya Precision Air ilipoanguka Ziwa Victoria, karibu na uwanja wa Bukoba, asubuhi ya tarehe 6 Novemba 2022, nchi ilijua kwa picha za simu zilizopigwa na watu waliokuwa ufukweni. Zilionyesha mkia wa ndege juu ya maji, mitumbwi ya wavuvi na watu wakivuta kamba. Watu 43 walikuwemo, 19 walifariki. Picha zile zilieleza hali ilivyo na wapi msaada unahitajika, na nyingi hazikuwa na haja ya kuonyesha sura ya mtu anayekata roho. Mkia wa ndege ulitosha.

Linganisha na yaliyofuata baada ya lori la mafuta kulipuka Msamvu, Morogoro, tarehe 10 Agosti 2019. Waliofariki walipita 100. Video za watu walioungua, wakiwa hai bado, nguo zimeteketea mwilini, zilifika kwenye makundi ya familia siku ile ile. Zilifika kwa watu waliokuwa wakiwatafuta ndugu zao. Hakuna aliyeokolewa na video zile. Waliozituma hawakuwa watu katili. Wengi walidhani wanatoa taarifa, na waliandika pole chini yake.

Wakenya walilitambua hili kwa uchungu mwezi Januari 2019, baada ya shambulio la hoteli ya DusitD2 jijini Nairobi. The New York Times ilichapisha picha ya waliouawa wakiwa wameinama juu ya meza, na watu wakaja juu, wakauliza kama gazeti hilo lingewaonyesha Wamarekani hivyo. Baraza la Vyombo vya Habari la Kenya likadai picha iondolewe na gazeti liombe radhi. Niliunga mkono hasira ile na naiunga mkono hadi leo. Lakini picha za namna ile ile zilikuwa zimeshazunguka kwenye simu zetu wenyewe, zimepigwa na kutumwa na sisi kwa sisi, na tunapodai heshima kwa mhariri wa New York lazima tuidai pia kwa binamu aliye kwenye kundi la ukoo.

Upande wa watoto, historia yenyewe ya simu ya kamera inaanza na mtoto. Tarehe 11 Juni 1997, huko Santa Cruz, California, mhandisi Philippe Kahn alikuwa hospitalini mkewe akijifungua. Aliunganisha kamera ya Casio, simu ya Motorola na kompyuta yake ya mapajani, akapiga picha ya bintiye mchanga na kuituma kwa watu zaidi ya 2,000. Inatajwa kuwa picha ya kwanza kurushwa papo hapo kwa njia ya simu ya mkononi. Furaha ya baba naielewa kabisa. Hata hivyo inanigusa kwamba mtu wa kwanza kurushwa hivyo alikuwa ni yule asiyeweza kuulizwa.

Kwenye nyumba nyingi za pwani mtoto mchanga hukaa ndani na mama yake mpaka arobaini itimie. Wageni huja, lakini kwa kiasi, na si kila mgeni hufunuliwa uso wa mtoto. Wapo wanaosema ni kuogopa kijicho. Mimi naona pia kwamba ni muda ambao mtoto anapewa kabla ya kuwa wa watu wote. Familia zile zile zinazotunza arobaini leo huweka picha ya mtoto kwenye stetasi akiwa na saa tatu tangu azaliwe, ikaonwa na fundi bomba aliyewahi kuja mara moja na dereva wa bodaboda ambaye namba yake haijafutwa. Wengi hawajui kwamba stetasi ina mpangilio wa kuchagua nani aone. Hapo ndipo swali la kopi ngapi lilipojificha, na inachukua dakika moja kulijibu.

Kwa mtoto wa shule tahadhari inakuwa kubwa zaidi. Sare huonyesha shule, beji huonyesha jina, na mzazi huandika chini ya picha kwamba mwanangu ameanza darasa la kwanza leo. Mgeni yeyote ameshajua mtoto anaitwa nani na anapatikana wapi asubuhi hadi saa ngapi.

Kenya sheria imeshaanza kuuma. Mwezi Septemba 2023 Kamishna wa Ulinzi wa Data aliitoza shule moja ya Uthiru faini ya shilingi 4,550,000 kwa kuweka picha za wanafunzi bila idhini ya wazazi, na sehemu moja ya starehe jijini Nairobi shilingi 1,850,000 kwa kuweka mtandaoni picha ya mteja ambaye hakuulizwa. Sheria iliyotumika ni ya mwaka 2019. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na tume yake ya kusimamia. Kabla yake kulikuwa na Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015. Wenye shule, saluni, kumbi na vituo vya kulelea yatima wanapaswa kuzijua hizi kama wanavyoijua leseni yao ya biashara.

Lakini sheria ya Kenya yenyewe inamwacha nje mtu anayetumia taarifa kwa mambo yake binafsi na ya nyumbani. Kamishna haji kwenye kundi la ukoo, na sidhani kama tungependa aje. Kwa hiyo eneo kubwa kuliko yote, lile la shangazi na mjomba na majirani na waliosoma pamoja, limebaki mikononi mwetu.

Sitaki kupita bila kuitaja sadaka. Kila Ramadhani, na kila Krismasi, tunaona picha za mama mzee ameshika mfuko wa unga kwa mkono mmoja, mkono wa pili umeshikwa na mtoaji, wote wakitazama kamera. Mzee huyo hawezi kukataa. Akikataa picha, atadhani amekataa unga. Dini zetu zote mbili kubwa husifu mkono unaotoa kwa siri, na wafadhili wanaotaka ushahidi wanaweza kuonyeshwa stoo iliyojaa magunia, orodha na risiti. Wajukuu wa mama yule wana simu pia. Wataiona picha ile.

Barabarani na sokoni mambo ni mepesi, maana mara nyingi kuuliza kunatosha na huzaa picha bora. Wachuuzi wa samaki wa Feri, Dar es Salaam, wana kazi, na ukisalimia kwanza, ukanunua kitu, ukaomba, wengi watakupa pozi ambalo usingeliiba. Mmasai anayedai hela kwa mtalii anauza anachokimiliki, na sioni sababu ya kumcheka. Wanaolala barazani, wagonjwa kwenye machela na walevi waliozidiwa hawawezi kujibu ukiwauliza, kwa hiyo jibu lao ni hapana. Na kwenye picha ya pamoja, mwenye macho yaliyofumba ana haki ya kuomba ipigwe tena hata kama wewe umetoka vizuri.

Tunapaswa pia kujua chombo chenyewe kinavyofanya kazi. Ukipiga picha huku simu imeruhusiwa kusoma mahali ulipo, ndani ya faili huandikwa tarehe, saa na majiranukta ya mahali hapo. WhatsApp ikituma picha kwa njia ya kawaida huibana na kuyaondoa maelezo hayo. Ukiituma kama dokumenti ili isipungue ubora, maelezo yanakwenda nayo, na aliyeipokea anaweza kuona ilipigwa nyumba gani. Picha ya kutazamwa mara moja, iliyoletwa mwaka 2021, husaidia, lakini simu ya pili iliyoshikwa juu ya ya kwanza huishinda. Tangu mwaka 2019 ujumbe unaweza kufowadiwa kwenye mazungumzo matano tu kwa mkupuo, na tangu Aprili 2020 ule uliokwisha kupita mikono mingi huenda kwa mmoja mmoja. Kampuni iliona yenyewe kwamba kasi inaua. Nasi tunaweza kuweka kizuizi kama hicho ndani yetu.

Jambo jipya linalonitia hofu ni programu za akili mnemba zinazoweza kuchukua picha ya heshima kabisa, ya msichana kwenye mahafali yake, na kuitengeneza ionekane ya utupu. Hatuwezi tena kusema kwamba picha yenye stara haina madhara. Wanawake walioacha simu kwenye kapu mlangoni waliambiwa kwa miaka mingi kwamba wanazidisha. Sasa kila mzazi mwenye binti analazimika kufikiri walivyofikiri wao.

Na mtu akikuomba uifute picha yake, usimuulize sababu wala usimwambie kwamba ametoka vizuri. Ifute kwanza, kisha zungumzeni. Kwenye WhatsApp una takriban siku mbili na nusu za kuifuta kwa wote. Ukichelewa, itabaki kwenye simu za wenzako na itabidi umwombe kila mmoja. Ukiifuta kwenye galari haijatoka: iPhone huitunza katika kapu la zilizofutwa kwa siku 30, na Google Photos hadi siku 60 ikiwa ilishahifadhiwa mtandaoni. Ingia kwenye kapu hilo uimalize. Kisha tazama kama kuna uliowatumia binafsi, nje ya kundi, uwaandikie: fulani ameomba picha ile ifutwe, tafadhali nisaidie, na unijulishe ukishafanya.